Mama Mkwe Alisimulia, Mimi Nikaandika

Mke wangu alikufa kwa uvimbe wa ziwa. Mama yake aliniambia habari ya uvimbe ule mapema, mara tatu, kwa sauti ya kusikika, nikiwa hatua chache kutoka alipokaa. Siwezi kusingizia kwamba sikusikia. Nilisikia mpaka nikachukua kalamu, nikayaandika maneno yake yote kwenye daftari, na chini yake nikapiga mstari kwa wino mwekundu. Wakwe zangu kule Ipole wana maelezo yao kuhusu kifo kile, nami nina yangu, na kinachoniuma ni kwamba ya kwao yanaingia akilini kuliko ya kwangu.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nimefundisha sekondari hapa Tabora mjini miaka ishirini na kitu. Kila mwaka tukifika kwenye fasihi simulizi nasimama mbele ya darasa na kutamka: ngano ni hadithi fupi ya mapokeo, yenye wahusika wanyama, inayokusudia kutoa mafunzo. Wanafunzi wanaandika. Kisha natenganisha ngano na hekaya, hekaya na kisa, hurafa naiweka huku, visasili kule, kama muuza duka anayepanga makopo kwenye rafu. Mwanafunzi akichelewa kuingia na kuanza kujieleza, namkatiza: "Wee, usiniletee hadithi hapa. Kaa." Darasa linacheka, nami najiona bingwa.

Kuna jambo halimo kwenye vitabu ninavyofundishia, na nililijua kabla sijajua kusoma. Babu yangu kule Bukene hakuwa mtu wa kusimulia ovyo. Alisema ngano ina mtu wake. Yaani ukimwona mtu mzima ameacha shughuli zake na kuanza habari za fisi na sungura, tazama kwanza nani amekaa karibu. Baba yake babu alikuwa mpagazi, akibeba mizigo ya watu kutoka hapa Unyanyembe kwenda Ujiji, na safari nyingine mpaka pwani, na mpagazi hakuwa na mdomo wa kumwambia mnyapara kwamba mzigo umezidi au posho imepunjwa. Jioni kambini mmoja wao angeanza: alikuwapo punda wa tajiri fulani. Mnyapara mwenye akili, kesho yake mizigo ilipunguzwa na hakuna aliyetukanwa. Mnyapara mjinga alicheka pamoja na wapagazi, akaingia hemani kulala, na kesho watu wakaanguka njiani. Haya yote nilikuwa nayo kichwani nikiwa na miaka saba. Nikaenda chuo, nikarudi na vyeti, na sijui niliyaacha wapi.

Mama mkwe alikuja kwetu Isevya, hapa hapa mjini, mvua za kwanza zikianza. Mke wangu aliniambia anakuja kutibiwa magoti. Niliona ajabu kidogo, kwa sababu mama wa Kinyamwezi hakai kwa mkwe wake hivi hivi. Akija hulala siku mbili, ya tatu unasikia anauliza habari za basi. Huyu alikuja na mfuko wa nguo na dumu la asali, akapewa chumba cha uani chenye mlango wake, akakaa. Kumbe aliitwa. Mke wangu alikuwa amejipapasa akakuta uvimbe, akamwita mama yake aje auone, na alipokwisha kumwonyesha akamwapisha asimwambie mtu yeyote, na hasa asiniambie mimi.

Kwa nini hasa mimi? Niseme tu, maana wengine wanaijua. Miaka miwili nyuma mwalimu mwenzangu mmoja mkewe alikatwa ziwa akapona. Jioni moja tukiwa mezani nikamwambia mke wangu, nikicheka, kwamba yule bwana sasa ana nusu mke. Nilisema vile kwa sababu ofisini walimu wanaume tulishacheka hivyo mchana kutwa. Mke wangu alikuwa anapakua mboga. Aliendelea kupakua. Mimi nilisahau maneno yale kabla sijanawa mikono, lakini yeye aliyaweka, na siku alipojikuta na uvimbe aliyatoa akayatazama upya.

Sasa nieleze desturi, maana bila hiyo mtu wa mbali ataona sisi ni wendawazimu. Kwetu mwanamume na mama mkwe hawazoeani. Nikifika getini nakohoa, ili kama yuko uani apate kujitanda khanga na kugeukia ukutani. Namwamkia shikamoo kwa mbali nikiwa nimeinama, naye anaitikia marahaba baba bila kunitazama. Hatupeani mikono, hatuli pamoja, kigoda chake sikikalii. Hiyo si chuki hata kidogo. Hakuna heshima inayozidi hiyo. Jambo la lazima tunalipitisha kwa mtoto. Binti yetu alikuwa na miaka tisa, na mama mkwe angesema, nami nimesimama palepale: "Mwambie baba yako maji yamekatika." Nami najibu: "Mwambie bibi nimesikia." Lakini maji ni maji. Mwili wa binti yake, tena ziwa lake, ni jambo ambalo hata kupitia mtoto halitajwi mbele ya mkwe. Mwanamke mzima wa Kinyamwezi angekufa kwanza. Weka na kile kiapo juu yake, uone alivyobanwa.

Basi akatafuta mlango uliobaki. Ilikuwa Jumamosi alasiri. Nilikuwa ndani, nasahihisha madaftari kwenye meza iliyo chini ya dirisha la uani. Yeye na mtoto walikuwa wamekaa nje wanamenya karanga. Kwa kawaida alipokuwa akimsimulia mjukuu alikaa karibu na jiko, upande wa pili, na mtoto alikuwa anaitikia na kuchekacheka. Siku ile alihamisha kigoda akakileta chini ya dirisha langu. Hakumtaka mtoto aitikie. Alianza tu, polepole, kama mtu anayesomea mwingine barua.

Alisema kulikuwa na swala jike aliyechomwa na mwiba kwenye kiwele. Mwiba ukavunjikia ndani. Swala yule hakumwambia mtu, alihofia dume lake litamdharau kwa kuchechemea. Akawa anamnyonyesha mtoto upande mmoja tu, ule mwingine anaufunika kwa paja. Dume lilikuwa hodari sana, kila siku linasimama juu ya kichuguu kutazama simba wanatokea wapi. Liliona mbali mno. Bibi wa ukoo, swala mzee asiyeweza tena kukimbia, akawa anamwambia mtoto kila asubuhi, kwa sauti ya kufika kwenye kichuguu: "Mjukuu wangu, mbona mama yako anakunyonyesha upande mmoja?" Dume linasikia, linasema watoto wana maswali mengi. Mama mkwe akaishia hapo. Hakusema swala yule yalimpata yapi mwishowe. Nilisikia karanga zinaanguka kwenye ungo.

Kiwele cha mnyama kinaweza kutajwa mbele ya mkwe. Ndiyo maana alikwenda kumtafuta mnyama.

Na mimi nilifanya nini? Nilitafuta daftari safi. Niliandika ngano nzima, haraka haraka nisije nikaisahau, na pembeni nikaandika: tashihisi, takriri, kejeli kwa dume. Nilifurahi. Nilisema moyoni, nyumbani kwangu mna mgodi na mimi nilikuwa nahangaika na vitabu. Mke wangu akaja akasimama mlangoni. Alikuwa ameshika kitambaa cha jikoni, akanitazama usoni kwa muda mrefu. Nikamwambia, "Mama yako ni hazina, unajua? Hii sijaiona popote." Akaniuliza, "Ipi?" Nikasema, "Hii ya swala." Akaendelea kunitazama, kisha akasema chai iko tayari.

Wiki mbili tatu baadaye ikaja ya pili. Hii ilikuwa ya nyuki, na sikushangaa, kwa sababu Ipole mtoto anajua mzinga kabla hajajua baiskeli. Mzinga mmoja ulikuwa juu ya mti wa myombo. Mwenyewe kila akipita chini anasikia kimya, anasema mzinga wangu umetulia, hawa nyuki wana adabu. Kumbe wametulia kwa sababu nondo ameingia, ametaga, na funza wanakula masega kutoka ndani. Nyuki mmoja kikongwe, mabawa yamechakaa, akashuka kwenda kumtia mwenyewe mwiba mkononi, angalau apandishe macho juu. Yule bwana akampiga kofi, akasema nyuki huyu ana kichaa, akaenda zake. Mama mkwe alipofika kwenye kofi lile sauti ilikatika kidogo. Niliandika hata hilo: "Msimulizi hutumia kidatu cha sauti." Ya nyuki niliirusha kwenye kundi la walimu wa Kiswahili kwenye simu. Walimu kumi na kitu wakanitumia vile vipicha vya makofi. Mmoja akaniomba nimrekodi bibi.

Nikamrekodi. Ya tatu nilimrekodi, jamani. Nilimtuma mtoto na simu, nikamwambia aiweke kwenye kigoda, na nikamwambia, "Mwambie bibi aseme kwa sauti zaidi." Mama mkwe akaitikia kupitia mtoto kwamba amesikia. Sasa namfikiria mama yule akiambiwa aongeze sauti. Pengine alidhani nimeelewa hatimaye, na namtaka aseme wazi zaidi ili niwe na pa kuanzia. Pengine moyo wake ulipoa. Maana ngano aliyoitoa siku ile ilikuwa wazi kiasi kwamba nikiisoma leo naona ilibaki kunitaja jina tu.

Alisema kulikuwa na mti mzuri kwenye uwanja wa mtu, mti wa kivuli, na ndani yake mdudu anakula moyo wa mti. Mti ulijua. Ukamwapisha gogota, ndege anayegonga magome, asimwambie mwenye uwanja, kwa sababu mwenye uwanja aliwahi kuucheka mti wa jirani uliokatwa tawi. Gogota akaapa. Lakini hakuweza kulala. Kila asubuhi akawa anakuja kugonga gome mahali palepale alipo mdudu, mbele ya mlango wa mwenye uwanja, anagonga mpaka mdomo unatoka damu. Mwenye uwanja alikuwa mtu wa ngoma. Akatoa kiti nje, akakaa, akamsifu gogota kwa mpigo mzuri. Akawaita na majirani waje wasikilize.

Nilisikiliza ile rekodi mara nne. Nikaiandika kwa mwandiko safi, na chini yake, kwa wino mwekundu, nikaandika kama ninavyowafundisha wanafunzi: "Funzo: ugonjwa ukifichwa unaua. Mwenye nyumba akiona dalili achunguze, asingoje kuambiwa." Maneno yangu, mkono wangu. Mtihani wa muhula nikaiweka ngano ya gogota kama swali la ufahamu, na waliojibu vile nikawapa alama zote. Lile tawi la jirani, lile la kuchekwa, halikunigusa hata kidogo. Nilidhani ni pambo.

Baada ya hapo mama mkwe hakusimulia tena. Nilimwambia mke wangu, "Mama amechoka?" Akasema, "Amemaliza." Nami nikaona sawa, tatu zinatosha kwa kuanzia.

Niliujua ugonjwa kwa harufu. Siwezi kuieleza zaidi ya hapo. Kiangazi kilikuwa kimeingia, na mke wangu alikuwa amejifunga khanga mbili kifuani kwenye joto lile, na nilipomuuliza akasema ana baridi. Mkono wa kushoto ulikuwa umevimba, pete imembana. Nikamkalisha kitandani nikafungua zile khanga mwenyewe, naye hakunizuia. Alikuwa anatazama ukutani. Nilitapika, na aliniona nikitapika, na hilo nalo liko kwenye orodha ya makosa yangu. Kesho yake asubuhi tulikuwa hospitali, na wiki ile ile tukaambiwa twende Mwanza. Kule daktari alikuwa kijana mpole, akaniuliza ameanza kuona uvimbe lini. Mke wangu akajibu mwenyewe. Daktari akahesabu miezi kwa vidole chini ya meza, akidhani sioni. Akasema mngekuja wakati ule, mambo yangekuwa mengine.

Wodini, mchana wakati wa kutazama wagonjwa, nikamuuliza mke wangu kwa nini hakuniambia. Nilikuwa na hasira, siwezi kuficha. Nilikuwa na hasira na mtu aliyelala na mpira wa maji mkononi. Akaniambia habari ya nusu mke. Nikaomba radhi, akasema imekwisha hiyo. Nikasema basi hata mama, mama mzima amekaa nyumbani kwangu miezi, ananyamaza vipi? Akageuza kichwa.

"Mama hakunyamaza," alisema. "Alikwambia."

"Lini?"

"Ya swala. Nilikuwa jikoni nikasikia. Nikasema leo ameniumbua, leo mume wangu anajua. Nikaja mlangoni kukutazama usoni." Akapumzika kidogo. "Nilikuwa nataka ujue. Nilikuwa naogopa na nataka. Nikakukuta unaandika."

Akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula, na sikuwa nimekula. Alikaa kule Mwanza wiki saba, akarudishwa Tabora, na alifia nyumbani asubuhi, mama yake amemshika miguu na mimi nimemshika kichwa. Siku ile mama mkwe hakugeukia ukutani. Hatukuwa na nafasi ya adabu.

Tulimzika hapa hapa mjini. Msibani walikuja watani, na huku kwetu watani hawakosi. Njia ile ya wapagazi iliwaachia Wanyamwezi watani mpaka pwani. Wa kwetu mtaani ni mama mmoja wa Kigogo, nyumba ya nyuma, ukuta wetu na wake unamfika mtu kifuani. Siku ya pili ya matanga akavaa koti langu la shuleni, akavaa na miwani ya mtu, akashika ufunguo wa mlango kama kalamu. Mtu mwingine akalala chini kwenye mkeka akijifanya mgonjwa anayegumia. Mtani akamkalia karibu, akawa anaandika hewani na kuuliza, "Umesema aa, au umesema oo? Rudia, sijapata herufi." Watu walicheka mpaka wakajishika mbavu. Mtani hakasirikiwi, hiyo ndiyo kazi yake, kwa hiyo na mimi nilicheka. Nilicheka huku nimeelewa kwamba ukuta ule mfupi umesikia kila kitu, na kwamba mama huyu wa Kigogo, ambaye hajakanyaga darasa, alikuwa amezielewa ngano zote tatu akiwa anaanika nguo.

Mjomba wa mke wangu hakucheka. Yeye ndiye aliyekuja na ukoo kutoka Ipole, mtu wa makamo, mfugaji nyuki, maneno yake machache. Siku ya kuanua matanga wakwe hukaa na mume wa marehemu, naye hueleza ugonjwa tangu ulipoanza mpaka ulipomshinda. Nilieleza. Nilipofika kwenye siku ya harufu mjomba akanyoosha kiganja.

"Kabla ya hapo hukuambiwa?"

"Sikuambiwa, mjomba."

"Dada yangu anasema alikwambia. Na jana mtani ameigiza mtu anaandika. Nataka kujua huyo mtu alikuwa anaandika nini."

Ningeweza kusema daftari limepotea. Lakini nilikuwa bado na upumbavu wa kufikiri kwamba daftari litanitetea. Nilifikiri wataona jinsi nilivyoandika tashihisi na takriri, waone kwamba mtu huyu alikuwa kwenye dunia nyingine kabisa, hana habari. Nikaingia ndani nikalileta. Mjomba akampa kijana mmoja wa ukoo aliyesoma, akasema asome polepole. Wakasikiliza ya swala, wanawake wakaanza kulia kwa chini. Wakasikiliza ya nyuki. Ya gogota kijana aliisoma, akaimaliza, akataka kufunga daftari.

"Chini pana nini? Naona wino mwekundu," mjomba alisema.

Kijana akasoma. Ugonjwa ukifichwa unaua. Mwenye nyumba akiona dalili achunguze, asingoje kuambiwa.

Mjomba akaniuliza mwandiko ni wa nani, nikasema wangu. Akauliza niliandika baada ya mazishi au kabla. Nikasema kabla, miezi mingi kabla. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa na shaka na sasa shaka imemtoka.

"Kumbe mpaka maana yake uliijua."

Nikasema hapana, mjomba, si hivyo, niliijua maana ya ngano, sikujua kwamba ni habari ya nyumbani kwangu. Nikajisikia jinsi maneno yale yanavyosikika. Mtu wa Bukene, Mnyamwezi baba na mama, mwalimu wa hadithi kwa mshahara wa serikali, anawaambia watu wazima kwamba mama mkwe wake alihamisha kigoda akakileta chini ya dirisha, akasimulia habari ya ugonjwa uliofichwa, yeye akaandika ugonjwa uliofichwa unaua, na hakujua anaambiwa yeye. Nani atakubali? Hata mimi nisingekubali. Mtu wa hivyo hayupo. Kuna mtu mmoja tu anayeandika vile halafu akanyamaza: aliyeelewa, akaona gharama na usumbufu, akaamua kungoja. Au aliyetaka mke mwingine. Yote mawili yamesemwa Ipole na nimeyasikia.

Hawakunitukana. Hawakunitoza fidia. Walikula ugali tuliopika, wakafunga mizigo, na mjomba akasema mtoto atakwenda na bibi yake. Hakuuliza, alisema. Nilitazama upande wa mama mkwe nikidhani atanitetea, au atanilaani basi, nipate kitu cha kushika. Alikuwa anamfunga mtoto kamba za viatu.

Tangu hapo kila likizo nakwenda Ipole na sukari, sabuni, na madaftari ya mtoto. Mtu asiyejua atasema napokelewa vizuri sana. Naletewa kiti, na mama mkwe anakaa mbele yangu, ana kwa ana, kichwa wazi, anakunywa chai na mimi kama anavyokunywa na bwana shamba au mtu wa sensa. Hajitandi wala hageuki. Mara ya kwanza nilisimama getini nikakohoa mara tatu, nikisubiri asogee, akaniambia kwa sauti ya kawaida, "Pita tu, mwalimu." Nikapita, nikanywa ile chai.

Safari ya mwezi wa sita mwaka huu nilipiga moyo konde. Nikamwambia wazi, kwa kuwa sasa tunazungumza wazi: mama, naapa sikuelewa, mimi ni mjinga tu, si muuaji. Alinitazama bila hasira yoyote. Akasema, "Mwalimu, kunywa chai, inapoa." Nikaona kwamba hata nikikesha sitamshawishi. Watu huhangaika maisha yao yote kuficha ujinga wao, na mimi nautoa hadharani, nauweka mezani, hakuna anayeupokea.

Mtoto alinisindikiza mpaka barabarani kungojea gari. Amekuwa mrefu, ana kifua kinachoanza kuota, na anatembea kama mama yake. Nilikuwa nimejiandaa siku nyingi kwa maneno niliyotaka kumwambia. Nilimwambia, mwanangu, ukiumwa, popote pale, hata pa aibu, usizungukezunguke na baba yako. Usinifiche, na usinipigie mafumbo. Nipigie simu, sema baba naumwa hapa. Nitakuja siku ile ile, nimeacha darasa nimekuja.

Akaitikia kwa adabu. Akasubiri kidogo, akichora mchanga kwa kidole cha mguu, kisha akaniambia kwa upole kabisa, ili nisiwe na wasiwasi.

"Bibi ameshanielekeza, baba. Nikiumwa nisikwambie wewe. Nimwambie mjomba."